Uadilifu kwa Watu wa Kabila, Rangi na Dini Mbalimbali

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad:

Somo hili linahusu jambo ambalo kila aila ya Kiislamu inayoishi katika miji ya leo hukutana nalo kila siku. Muislamu wa Muscat, Dubai au London huamka asubuhi akauziwa mkate na mtu wa kabila nyengine, akatibiwa na daktari wa dini nyengine, watoto wake wakafundishwa na mwalimu wa nchi nyengine, na jioni akasali safu moja na mtu wa madhehebu nyengine. Je, sheria inamtaka aishi nao vipi? Na je, moyo wake unapomdharau mmoja wao kwa sababu ya rangi au asili yake, dharau hiyo ni jambo dogo la desturi, au ni dhambi atakayoulizwa siku ya Kiyama?

1. ASILI MOJA YA WANADAMU

Katika Suratul-Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amewaeleza watu wote, si Waislamu peke yao, kwamba amewaumba kutokana na mwanamume na mwanamke, na kwamba amewajaalia mataifa na makabila ili wajuane. Kisha akabainisha kuwa mbora wao mbele Yake ni yule anayemcha zaidi. Aya hii ina mambo matatu yanayofaa kuzingatiwa.

La kwanza ni kuwa tofauti za makabila hazikutokea kwa bahati. Ni kazi ya Muumba, na katika Suratur-Rum, aya ya 22, khitilafu za ndimi na rangi zimetajwa pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi kuwa ni miongoni mwa ishara Zake. Basi mwenye kuicheka rangi ya mtu au lugha yake anacheka ishara ya Mwenyezi Mungu.

La pili ni kuwa makusudio ya tofauti hizo ni kujuana. Nasaba huhifadhiwa ili jamaa waungane, mirathi igaiwe kwa haki, na watu wasioane walioharimishwa. Hayo ndiyo manufaa ya nasaba. Kuifanya kuwa kipimo cha utukufu ni kuitumia kwa kazi ambayo haikuwekewa.

La tatu ni kuwa kipimo kilichowekwa, nacho ni uchaMungu, makao yake ni moyoni, na hakuna mwanadamu aonaye moyo wa mwenziwe. Kwa hivyo hata mwenye kudhani kuwa yeye ni mchaMungu zaidi hana hati ya kujitukuza, kwani hukumu hiyo si yake.

Mtume (S.A.W.) aliyatilia nguvu mafundisho haya katika Hija yake ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria. Imepokewa kwamba aliwakumbusha watu kuwa Mola wao ni mmoja na baba yao ni mmoja, na kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, isipokuwa kwa uchaMungu. Maneno hayo hayakusemwa mbele ya wageni ili wapendezwe. Yalisemwa mbele ya Waarabu wenyewe, katika nchi yao, wakati nguvu ziko mikononi mwao.

2. NENO MOJA LA KIJAHILIYA

Miongoni mwa hadithi zinazofaa kusomwa katika kila nyumba ni ile ya Abu Dharr (R.A.). Sahaba huyu alikuwa katika watu wa mwanzo kusilimu, na zuhdi yake ni maarufu. Siku moja aligombana na mtu, akamuaibisha kwa mama yake ambaye hakuwa Mwarabu. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alimuuliza iwapo kweli amemuaibisha mwenziwe kwa mama yake, kisha akamwambia kuwa bado ndani yake mna ujahiliya.

Msomaji atazame uzito wa hukumu hii. Abu Dharr hakuiba, hakupiga wala hakula mali ya mtu. Alitamka neno moja katika hasira. Na pamoja na utukufu wake wote katika Uislamu, neno hilo moja lilitosha kumfanya aambiwe kuwa mabaki ya ujahiliya hayajamtoka.

Katika hadithi hiyo hiyo Mtume (S.A.W.) aliendelea kueleza kuwa watumishi ni ndugu ambao Mwenyezi Mungu amewaweka chini ya mikono ya watu, basi aliye na ndugu yake chini ya mkono wake amlishe anachokula na amvishe anachovaa, wala asimtwishe kazi isiyowezekana, na akimtwisha amsaidie. Athari ya mafundisho hayo ilidumu. Aliyeipokea hadithi hii alimkuta Abu Dharr, baada ya miaka mingi, amevaa nguo na mtumishi wake amevaa nguo mfano wa hiyo. Alipoulizwa sababu, ndipo aliposimulia kisa chake. Huyu ni mtu aliyekosolewa na Mtume kwa neno moja, akalitengeneza kosa hilo kwa umri wake wote.

Sasa na itazamwe hali ya baadhi ya nyumba. Mtoto humwita mtumishi wa nyumbani kwa jina la nchi yake badala ya jina lake. Kijana humuiga muuza duka wa Kihindi namna anavyotamka maneno, na wakubwa barazani wakacheka. Mzee, akikasirika, humtaja mtu kwa utumwa wa babu yake. Neno hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na lina historia ambayo haifai kufichwa.

Biashara ya watumwa ilikuwepo katika mwambao wa Afrika Mashariki, na soko la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwezi wa Juni 1873. Hali ya utumwa wenyewe ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Oman mwaka 1970. Waliouzwa walikuwa ni wanadamu walionyakuliwa kwa wazazi wao. Ama Qur'ani, katika Suratul-Balad, aya ya 13, imeifanya kazi ya kumkomboa mtumwa kuwa ni katika kuipanda njia nzito ya mlimani inayomfikisha mja kwenye kheri. Aliyekwisha kuwa huru ni huru, na mtoto wake ni huru, na mjukuu wake ni huru, na hakuna katika sheria aibu inayorithiwa. Ikiwa pana aibu katika khabari za utumwa, basi aibu hiyo ni ya aliyemnyakua mtu na kumuuza. Mnyonge aliyenyakuliwa hana aibu yoyote.

3. MFANO WA SKULI YA BASRA NA DOLA YA TAHERT

Wafuasi wa madhehebu ya Ibadhi wana sababu ya ziada ya kujiepusha na ukabila, kwani madhehebu yao yenyewe hayakuenezwa na kabila moja.

Imam Jabir bin Zayd alizaliwa Firq, karibu na Nizwa, akahamia Basra na kusoma kwa Ibn Abbas na kwa Sahaba wengine. Alipofariki, mwaka 93 Hijria kwa mujibu wa wanahistoria wengi, uongozi wa elimu uliishia mikononi mwa Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima. Huyu hakuwa na nasaba ya Kiarabu. Alikuwa maula, yaani mtu aliyenasibishwa na kabila la Bani Tamim bila ya kuzaliwa humo, na kazi yake ilikuwa kusuka makapu, ndiyo maana akaitwa Al-Qaffaf. Alifungwa gerezani na Hajjaj bin Yusuf, na hakutoka mpaka Hajjaj alipofariki mwaka 95 Hijria. Kisha akasomesha kwa siri, na wanafunzi wakasuka makapu pamoja naye ili wapita njia wasishuku kitu.

Waliokaa mbele ya msuka makapu huyu walikuwa ni watu wa kila asili. Rabii bin Habib alitoka katika Waarabu wa Oman. Abul-Khattab alikuwa Mwarabu wa Yemen. Asim As-Sidrati alikuwa Mberberi. Ismail bin Darrar alitoka Ghadamis, katika jangwa la Libya ya leo. Abdurrahman bin Rustam alikuwa wa asili ya Kiajemi. Mashekhe wa makabila yenye nguvu walikubali kusomeshwa na maula, na hawakuona kuwa wameshuka daraja. Lau wangeuliza kwanza baba yake ni nani, elimu hii isingefika Oman wala Maghrib, wala isingevuka bahari kufika Unguja na Pemba.

Huyo Abdurrahman bin Rustam alichaguliwa baadaye kuwa Imam wa dola ya Tahert, katika nchi ya Algeria ya leo, katika karne ya 2 Hijria. Na sababu mojawapo ya kumchagua ina mazingatio makubwa. Walisema kuwa yeye hana kabila pale litakalomkinga. Akiacha haki, itakuwa sahali kumuondoa. Watu wengine humpa mtu uongozi kwa sababu ana ukoo mkubwa nyuma yake. Wao walimpa kwa sababu hakuwa nao, kwani walikuwa wakitafuta uadilifu. Na huu ndio msimamo unaojulikana wa madhehebu: uimamu haukufungwa kwa Makureshi wala kwa Waarabu, bali ni wa Muislamu mwenye elimu, uchaMungu na uwezo.

Khabari za Tahert zimeandikwa na Ibnus-Saghir, mwanahistoria aliyeishi katika mji huo naye hakuwa Muibadhi. Ameeleza kuwa wageni kutoka Basra, Kufa na Qayrawan walijenga majumba yao hapo, na kuwa kulikuwa na misikiti ya watu wa miji hiyo, kila jamii na msikiti wake. Wanachuoni wa madhehebu mbalimbali walijadiliana waziwazi. Aliandika kwa sifa juu ya uadilifu wa maimamu hao akiwa si mfuasi wao, na ushahidi wa mtu wa nje una uzito wake.

4. SUALA LA NDOA NA UKUFU

Watu wengi hukubali yote yaliyotangulia mpaka inapokuja posa. Hapo ndipo moyo hujaribiwa.

Tuseme kijana amekuja kuposa. Anasali, anafanya kazi ya halali, tabia yake inasifiwa na majirani, na binti ameridhika naye. Baba hana la kusema. Kisha mmoja wa jamaa anauliza: "Asili yake wapi?" Na baada ya suali hilo mlango unafungwa, na binti anakaa mwaka baada ya mwaka.

Wanachuoni wamekhitilafiana katika ukufu, yaani kulingana baina ya mume na mke. Wako waliozingatia nasaba na kazi, na khitilafu hiyo imo katika vitabu vya madhehebu mbalimbali. Imam Malik aliuzingatia ukufu kuwa ni katika dini. Lakini hata kwa waliouzingatia ukufu wa nasaba, makusudio yao yalikuwa kumlinda mwanamke na mawalii wake wasipate madhara, na wengi wao wamesema kuwa wenyewe wakiridhia, ndoa ni sahihi. Hawakuufanya kuwa ni kamba ya kumfungia binti nyumbani.

Na Sunna iko wazi kwa mwenye kuitaka. Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, alikuja kwa Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri baada ya kuposwa na watu wawili mashuhuri. Mtume alimshauri aolewe na Usama bin Zayd, ambaye baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Mwanzo hakupendezewa, kisha akakubali, na yeye mwenyewe amesimulia kuwa Mwenyezi Mungu alijaalia kheri nyingi katika ndoa hiyo mpaka wengine wakamuonea wivu. Vilevile Abu Hudhayfa, aliyekuwa katika mabwana wa Kikureshi, alimuoza Salim, aliyekuwa maula wake, binti wa ndugu yake, naye ni binti wa Al-Walid bin Utba.

Walii anayemzuia binti kuolewa na mtu mwenye dini na tabia njema, pasi na sababu ya kisheria, anafanya kinachoitwa na wanachuoni adhli. Asili ya makatazo yake ni Suratul-Baqara, aya ya 232. Walii akishikilia dhulma hiyo, sheria imefungua mlango wa kadhi, na kadhi anayo haki ya kumuoza binti huyo baada ya kuthibitisha mambo. Lakini ni huzuni iliyoje kwa baba kufikishwa mahakamani na bintiye mwenyewe kwa sababu ya kiburi ambacho hakimfai kaburini.

Hapana ubaya mzazi kuuliza juu ya dini ya kijana, madeni yake, afya yake, uwezo wake wa kutunza nyumba, na kama lugha na desturi za wawili hao zitapatana. Haya ni maswali ya mwenye busara. Tofauti iko hapa: maswali hayo yanaweza kujibiwa kwa vitendo vya kijana mwenyewe, ilhali suali la rangi ya bibi yake hana namna ya kulijibu, kwani si yeye aliyejiumba.

5. WALIOONJA DHULMA WASIIONJESHE

Wasomaji wa Kiswahili walioko Ghuba wana historia maalumu. Baada ya Sultan Qaboos bin Said kushika utawala tarehe 23 Julai 1970, Waomani waliokuwa nje waliitwa warejee kujenga nchi yao. Wakaja kutoka Unguja na Pemba, Tanganyika, Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo. Wengi walikuja na elimu na ufundi, lakini Kiarabu chao kilikuwa kichache. Wote walitiwa katika jina moja la Wazinjibari, hata aliyekuwa hajaikanyaga Zanzibar. Baadhi yao walichekwa kwa matamshi yao, wakaulizwa juu ya Uarabu wao katika ardhi ya babu zao.

Na kabla ya hapo, aila nyingi zina kumbukumbu ya Januari 1964, pale watu wengi walipouawa Unguja, wengine wakapoteza nyumba na nchi, na jina la kabila likawa ndiyo hukumu ya mtu. Aliyekuwa na kosa na asiyekuwa na kosa walitiwa katika kapu moja.

Msiba wa namna hii humuacha mtu mbele ya njia mbili. Njia ya kwanza ni kurithisha chuki: mtoto aliyezaliwa miaka mingi baadaye afundishwe kumchukia mtu mweusi yeyote anayekutana naye. Njia ya pili ni ile iliyoamrishwa katika Suratul-Maida, aya ya 8, ambapo waumini wamekatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya kuchukia watu, na wakaambiwa kuwa uadilifu ndio ulio karibu zaidi na uchaMungu. Aya haikuikanusha chuki, kwani huenda ina sababu ya kweli. Imeizuia tu isishike kiti cha hakimu. Aliyeonja hukumu ya jumla, akahesabiwa mkosa kwa ajili ya kabila lake, ndiye anayejua kuliko wote uchungu wake. Basi yeye ndiye wa mwanzo kupasiwa asimuonjeshe mwengine.

6. WENYE DINI NYENGINE

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina mwaka 622 Miladia aliwekeana mkataba na wakaazi wake. Katika mkataba huo Mayahudi walihesabiwa kuwa ni jamii moja pamoja na waumini katika ulinzi wa mji, wao wakiwa na dini yao na Waislamu wakiwa na dini yao. Wanasira wamesimulia pia kwamba ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipofika Madina na wakati wa ibada yao ukaingia, Mtume aliwaacha wasali msikitini mwake.

Hukumu ya jumla imo katika Suratul-Mumtahana, aya ya 8: Mwenyezi Mungu hawakatazi waumini kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita kwa ajili ya dini wala kuwatoa majumbani mwao. Asma bint Abi Bakr alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akauliza kama amuunge, na Mtume (S.A.W.) akamuamrisha amuunge. Na jeneza la Myahudi lilipopita, Mtume alisimama. Alipoambiwa kuwa ni la Myahudi, aliwauliza kama hiyo si nafsi.

Lakini lililo kubwa zaidi kwa mwenye kufikiri ni kisa walichokitaja wafasiri katika Suratun-Nisaa, kuanzia aya ya 105. Deraya iliibiwa Madina, na mwizi alikuwa mtu aliyejinasibisha na Waislamu. Alipoona anatuhumiwa, aliificha kwa Myahudi mmoja. Jamaa zake wakaja kumtetea, na dalili ya dhahiri ikawa dhidi ya Myahudi. Hapo zikateremka aya za kumbainisha asiyekuwa na kosa, na za kukataza kuwatetea wafanyao khiana. Wakati huo Waislamu walikuwa wachache, na kila mtu wao alikuwa na thamani. Hata hivyo Qur'ani, inayosomwa misikitini mpaka leo, imemtetea Myahudi mmoja dhidi ya watu waliosali pamoja na Mtume. Hakuna hakimu baada ya hapo mwenye udhuru wa kusema kuwa amempendelea mtu kwa sababu ni wa dini yake.

Katika Oman, Wahindu wana hekalu la zamani katika Muscat ya kale na jengine Darsait, na Wakristo wana makanisa Ruwi, Ghala, Sohar na Salalah, ambapo ardhi ilitolewa na Sultan Qaboos. Nidhamu ya Msingi ya Dola ya mwaka 1996, na ile iliyochukua nafasi yake mwaka 2021, zimethibitisha usawa wa raia mbele ya sheria, na uhuru wa kufanya ibada kwa mujibu wa desturi zinazotambulika bila ya kuvunja utulivu wa umma. Na katika Unguja, masultani waliweka makadhi wa Kiibadhi na makadhi wa Kishafii, kila mtu akahukumiwa kwa madhehebu yake.

Uvumilivu huu usifahamike vibaya. Muislamu hashiriki ibada ya dini nyengine, wala hasemi kuwa itikadi zote ni sawa, wala hali kilichoharimishwa kwa kuona haya mbele ya jirani. Hukataa kwa maneno mazuri, akabaki jirani mwema. Wala haitukani miungu ya wengine, kwani hilo limekatazwa katika Suratul-An'am, aya ya 108. Mwenye kuijua dini yake vyema haogopi kumpelekea jirani wa Kihindu sahani ya matunda.

7. WAISLAMU WA MADHEHEBU NYENGINE

Mwaka 64 Hijria, Nafi bin Al-Azraq na wafuasi wake waliwahukumu Waislamu waliowakhalifu kuwa ni washirikina, wakahalalisha damu na mali zao. Abdullah bin Ibadh na wenziwe walijitenga nao kwa sababu hiyo hasa. Kwa hivyo kukataa kuwamwaga damu Waislamu wengine ni msingi ambao madhehebu ya Ibadhi yamesimama juu yake tangu mwanzo. Mtu wa kibla, hata akikhitalifiana na Waibadhi katika masuala ya itikadi, damu yake na mali yake ni haramu. Huozwa na huolewa, hurithi na hurithiwa, huliwa alichochinja, husaliwa akifa, na husaliwa nyuma yake. Na hata pale wanachuoni wanapozungumza juu ya baraa, hukumu hiyo haiondoshi haki hata moja katika hizo.

Tarehe 15 Julai 2024, usiku wa kuamkia Ashura, watu wenye silaha waliwafyatulia risasi Waislamu wa Kishia waliokusanyika katika msikiti wa Imam Ali, Wadi Al-Kabir, Muscat. Wakafariki watu 6, miongoni mwao Wapakistani 4, Mhindi 1 na askari polisi 1, na washambulizi 3 wakauawa. Washambulizi hao walikuwa ndugu, na walikuwa Waomani. Tukio hili liliushtua mji ambao watu wake walizoea kusali pamoja. Nalo linafundisha kuwa amani ya miaka mingi hairithiwi kama nyumba. Kila kizazi hufundishwa upya, na mtoto asiyefundishwa na wazazi wake atapata wa kumfundisha kwengine.

8. WAJIBU WA WAZAZI

Mafundisho haya yakibaki kitabuni hayana faida. Mzazi aanze na mambo haya:

(a) Kila mtu anayeingia nyumbani, awe dereva, mtunza bustani au mtumishi, aitwe kwa jina lake, na watoto wamwamkie kama wanavyowaamkia wakubwa wengine.

(b) Ujira wa mtumishi ulipwe kwa wakati wake, apewe chakula kinacholiwa na watu wa nyumba, apate muda wa kupumzika na wa kufanya ibada yake, na pasipoti yake isizuiliwe. Pasipoti ni mali yake.

(c) Mtoto akisema neno la dharau juu ya kabila au rangi, asichekewe. Akatazwe pale pale kwa upole, asimuliwe kisa cha Abu Dharr, na amuombe radhi aliyemdharau.

(d) Mzazi aulinde ulimi wake mwenyewe anapoendesha gari na anapotazama khabari, kwani mtoto husoma zaidi kwa kusikia kuliko kwa kuhubiriwa.

(e) Watoto wafundishwe Kiswahili na Kiarabu pamoja, na waelezwe asili zao zote mbili, za kuumeni na za kukeni, bila ya kuificha hata moja. Anayemuonea haya bibi yake hawezi kumheshimu bibi wa mwenziwe.

MASWALI YA KUZINGATIA

1. Ni makusudio gani ya kuumbwa makabila yaliyotajwa katika Suratul-Hujurat, na ni kipimo gani cha ubora?
2. Abu Dharr (R.A.) alilitengeneza vipi kosa lake?
3. Kwa nini kukosa kabila kulihesabiwa kuwa ni sababu ya kumchagua Abdurrahman bin Rustam?
4. Eleza tofauti baina ya maswali ya busara anayouliza mzazi katika posa na adhli iliyokatazwa.
5. Kisa cha deraya kinamfundisha nini hakimu, shahidi na mwalimu?
6. Ni neno gani linalotumiwa nyumbani kwenu ambalo, kwa mujibu wa somo hili, linafaa kuachwa kuanzia leo?

Mwenyezi Mungu azisafishe nyoyo za waumini na kiburi na chuki, awajaalie wenye kuhukumu kwa haki hata juu ya nafsi zao, na awakusanye chini ya rehema Yake siku ambayo nasaba hazitafaa kitu. Amin.